Troponini baada ya ablesheni ya moyo: je, umeme unaharibu protini zaidi kuliko joto?

MpimaDamu ameuliza:

Habari zenu, wanajukwaa. Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Dodoma. Kazi yangu ni damu, si moyo, kwa hiyo nikikosea istilahi za matibabu ya moyo naomba nisahihishwe waziwazi.

Kaka yangu mkubwa anaishi Muscat, na kwa muda mrefu amesumbuliwa na fibrilesheni ya atiria, yaani ule mtetemo usio na mpangilio wa chemba za juu za moyo. Mwaka jana alifanyiwa ablesheni: katheta, yaani mrija mwembamba, ilipitishwa kwenye mshipa wa pajani hadi atiria ya kushoto, kisha tishu inayozunguka midomo ya vena za mapafu ikauawa kwa makusudi, ili cheche za umeme zinazoanzia ndani ya vena hizo zisipate njia ya kuingia moyoni. Kwake ilitumika njia mpya ya mipigo mifupi ya umeme. Jirani yake, ambaye ni mtu wa rika lake, alikuwa amefanyiwa kazi hiyo hiyo miaka michache kabla kwa joto la mawimbi ya redio. Wazee hawa wawili wameketi barazani wakalinganisha karatasi zao za maabara, na kaka amegundua kwamba troponini yake (protini ya msuli wa moyo inayoingia kwenye damu seli zikiharibika) ya siku iliyofuata ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya jirani. Nimeziona karatasi zote mbili kwa picha. Aina ya kipimo ni moja na vizio ni vimoja. Tangu siku hiyo kila anaponipigia simu ananiambia kwamba moyo wake umeharibiwa kuliko wa mwenzake.

Niliwauliza wenzangu kazini, wakanijibu kwamba seli ikifa imekufa, na kwamba njia ya kuiua haina uzito. Jibu hilo halikuniridhisha, kwa kuwa mimi sipimi seli. Ninapima protini zilizotoka ndani ya seli. Naomba kueleweshwa: joto, baridi na umeme vinazifanya nini protini za seli ya misuli ya moyo? Na je, idadi ninayoisoma kwenye mashine inapima ukubwa wa kidonda, au inapima jinsi protini zilivyotendewa?

---

BabuProtini amejibu:

Swali lako limenifurahisha kwa sababu umelitenganisha jambo ambalo wengi hulichanganya. Nimefundisha biokemia kwa miaka mingi, na ningeanza kukujibu jikoni, kwa kuwa moyo ni msuli na nyama tunayoila ni msuli. Vitabu vingi hupenda mfano wa yai la kuchemsha, lakini yai halina miosini wala aktini, protini zinazoufanya msuli ujibane, na hizo ndizo tunazozizungumzia hapa.

Chukua vipande viwili vya nyama ya ng'ombe. Kimoja kitie kwenye sufuria yenye moto. Kingine kigandishe kwenye friji kisha kiache kiyeyuke kwenye bakuli. Cha kwanza hubadilika rangi, hujikunja na kuwa kigumu. Baada ya majimaji ya mwanzo kukauka, kilichobaki ndani yake kimeshikamana. Cha pili hubaki kilaini na chenye rangi yake, lakini chini ya bakuli utakuta maji mekundu. Watu huyaita damu, ingawa wekundu ule kwa sehemu kubwa ni mioglobini na protini nyingine zilizovuja kutoka ndani ya seli zilizopasuliwa na barafu. Seli za vipande vyote viwili zimeharibika. Protini za kipande cha kwanza zimepikwa mahali pake, na za kipande cha pili zimetoka nje zikiwa na sehemu kubwa ya umbo lake.

Sasa turudi moyoni. Katika ablesheni ya mawimbi ya redio, mkondo wa umeme unaogeuka mara kama laki tano kwa sekunde hupita kwenye ncha ya katheta. Ncha yenyewe siyo pasi ya moto kama wengi wanavyodhani. Kinachopata joto ni tishu, kwa sababu inaupinga mkondo huo. Sehemu inayopashwa moja kwa moja ni nyembamba, kiasi cha milimita moja hivi, na tishu iliyo chini yake hupata joto kwa kupokezana, kama mpini wa kijiko kilichoachwa ndani ya chungu. Kwa hiyo ndani ya kidonda kimoja kuna mteremko wa joto: karibu na ncha huenda likafika nyuzijoto 70 au 80, na milimita chache pembeni tishu ikawa na joto la mgonjwa wa homa tu.

Protini haziharibiki zote kwa pamoja. Watafiti wa nyama walipoupasha msuli polepole ndani ya kalorimita, kifaa kinachopima joto linalofyonzwa, waliona ngazi tatu: miosini hufumuka kati ya nyuzijoto 54 na 58, kolajeni (protini ya nyuzi zinazoishikilia tishu) pamoja na protini za majimaji ya seli kwenye 65 hadi 67, na aktini huvumilia hadi 80 hivi. Kufumuka maana yake ni kwamba vifungo dhaifu vinavyoishikilia protini katika umbo lake, hasa vile vya haidrojeni, vinaachia. Sehemu zake zinazoyakwepa maji, ambazo zilikuwa zimefichwa ndani, hujitokeza na kunasana na za protini jirani. Matokeo yake ni mabonge. Ukilimulika bonge hilo kwa mwanga wa infraredi unaliona badiliko lenyewe: mkanda uitwao Amaidi ya Kwanza, unaokaa kati ya namba-mawimbi 1600 na 1700 kwa sentimita, hupungukiwa upande wa 1655 ambako msokoto wa alfa, umbo la miosini ikiwa nzima, husomeka, na huongezeka karibu na 1620, ambako husomeka tabaka za beta zilizoungana kati ya protini moja na nyingine. Bonge la namna hiyo halirudi kuwa miosini tena.

---

DadaKatheta amejibu:

Shikamoo, Babu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha katheta na ningependa kuongeza yale tunayoyaona mezani.

Damu inayopita atiria inapoza. Sehemu mbili za ukuta mmoja zikipewa nguvu ile ile ya wati 30 kwa muda ule ule zinaweza kupata vidonda tofauti kabisa, kutegemea ncha imekandamizwa kiasi gani na damu inapita kwa kasi gani. Kwa sababu hiyo katheta nyingi za sasa hutoa maji ya chumvi kwenye ncha, ili uso usiungue kabla kina hakijapata joto. Tishu ikifika nyuzijoto 100 maji yake huchemka, na mvuke ukikosa pa kutokea hupasuka kwa mlio ambao nyakati nyingine unausikia ukiwa umesimama kando ya meza. Hakuna anayetaka kuusikia.

Jambo la pili ni kolajeni aliyoitaja Babu. Ikipashwa joto husinyaa. Mwaka 1998 kundi la daktari Haïssaguerre kule Bordeaux, Ufaransa, lilionesha kwamba cheche nyingi za fibrilesheni huanzia ndani ya vena za mapafu, na madaktari wa miaka ile wakaanza kuunguza ndani ya vena zenyewe. Baadhi ya wagonjwa walirudi wakiwa na vena zilizobana. Tangu hapo kazi ikahamishiwa nje ya mdomo wa vena, kwenye ukuta wa atiria. Mipigo ya umeme kwa kawaida huiacha kolajeni ikiwa imesimama, kama nyumba ambayo wakaazi wamehama lakini nguzo zipo, na ndiyo sababu kubana kwa vena na kutoboka kwa umio, vitu tunavyoviogopa sana kwenye joto, vimekuwa nadra mno kwa njia hiyo. Ripoti iliyotolewa mwaka 2024 kuhusu wagonjwa zaidi ya 17,000 waliotibiwa kwa mipigo ya umeme haikuwa na hata mmoja aliyepata tundu kati ya atiria na umio.

MpimaDamu, kwa hilo tu ningemtuliza kaka yako kidogo.

---

Msomi_Kilindini amejibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Babu, lakini kuna hatua moja ambayo siwezi kuipitisha kimya. Anayesoma andiko lake ataondoka akiamini kwamba joto huua seli ya moyo kwa sababu linapika miosini. Sidhani kwamba mpangilio ni huo.

Mwaka 1993 Nath na wenzake walichukua misuli midogo ya papilari kutoka mioyo ya simbilisi, wakaipasha joto kwa muda mfupi huku wakipima umeme wa seli. Kuanzia nyuzijoto 45 hivi utando wa seli ulianza kupoteza chaji yake. Kati ya takriban 43 na 51 seli ziliacha kuitikia umeme, lakini zilipopozwa zikarudi. Kilichopotea bila kurudi kilionekana juu ya 50. Ukilinganisha na ngazi za kalorimita alizozitaja Babu, kwenye nyuzijoto 50 miosini nyingi bado imesimama. Ina maana seli hupita mstari wa kifo wakati protini zake nyingi za kusukumia bado hazijaiva.

Nini basi kinachoiua? Utando. Mafuta ya utando yanalegea, protini za mifereji na pampu zilizopachikwa humo zinashindwa kazi, na kalsiamu inaingia kwa wingi. Seli ya msuli yenye kalsiamu ya kupindukia hujibana hadi kujirarua, na mitokondria zake zikijaa kalsiamu zinaacha kutengeneza nishati. Ni kweli kwamba mifereji na pampu hizo nazo ni protini, na baadhi yake ni dhaifu kuliko miosini, kwa hiyo sisemi kwamba protini hazihusiki. Nasema tu kwamba rangi nyeupe anayoiona mpasuaji katikati ya kidonda ni mabaki ya tukio, na si lazima iwe chanzo cha kifo.

Muda nao usisahaulike. Kanuni ya Sapareto na Dewey ya mwaka 1984, inayotumiwa sana katika tiba za joto, inasema kwamba juu ya nyuzijoto 43 kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza kwa nusu muda unaohitajika kuleta madhara yale yale. Dakika 60 kwenye 43 ni sawa na sekunde 28 kwenye 50, na hazifiki sekunde moja kwenye 55. Kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya moyo na siioni kama msahafu, lakini inaonesha kwa nini kuuliza "ni joto gani linaloharibu protini" bila kutaja muda ni kuuliza nusu ya swali.

---

BabuProtini amejibu:

Marahaba, DadaKatheta. Na wewe Msomi, hoja yako naikubali, isipokuwa kwa nyongeza moja. Kifo cha seli na hatima ya protini zake ni habari mbili, na muulizaji ameuliza ya pili. Nilipaswa kuliweka hilo mwanzoni.

Nyongeza yangu inahusu ukingo wa kidonda, pale joto lilipofika 45 au 48 kisha likashuka. Huko seli zimepigwa na butwaa. Protini zake zimefumuka kwa sehemu, na seli inajibu kwa kuzalisha protini za mshtuko wa joto, ambazo kazi yake ni kuzishika zile zilizolegea, kuzizuia zisigande pamoja na kuzisaidia zijikunje upya. Ritossa aliona dalili za kwanza za mwitikio huo mwaka 1962 kwenye kromosomu za inzi wa matunda. Moyoni mwitikio huu ni msaada kwa seli na ni usumbufu kwa daktari. Koneksini, protini zinazojenga vijilango ambavyo umeme hupitia kutoka seli moja hadi nyingine, zinaweza kufungwa kwa muda, daktari akaona mstari wake umezuia umeme barabara, kisha baada ya wiki kadhaa seli za ukingoni zikapona na njia ikafunguka. Wagonjwa wengi wanaorudi na fibrilesheni hukutwa na vena ambazo zimeunganika tena na atiria kwa namna hii.

Sasa nieleze baridi na umeme, kwa kuwa tulilishughulikia joto tu.

Katika njia ya baridi, puto huwekwa kwenye mdomo wa vena na ndani yake hupitishwa gesi ya nitrasi oksidi inayogeuka kutoka kimiminika kuwa gesi na kufyonza joto. Barafu huanza nje ya seli. Maji yaliyobaki bila kuganda huwa na chumvi kali, nayo huyavuta maji ya ndani ya seli hadi seli inasinyaa. Karibu na puto, ambako baridi inaingia kwa kasi, barafu hujengeka hata ndani ya seli. Wakati wa kuyeyuka fuwele ndogo huungana kuwa kubwa, maji yanarudi kwa kishindo na utando unachanika. Saa chache baadaye mishipa midogo ya damu huziba na kumalizia kazi. Protini zenyewe hupata misukosuko ya chumvi, ya badiliko la asidi na ya kugusana na uso wa barafu, na baadhi hulegea kwa sababu nguvu inayozificha sehemu zinazoyakwepa maji hudhoofu kwenye baridi kali. Lakini kulegea huko mara nyingi hurudi. Wewe, MpimaDamu, unalijua hilo kuliko mimi: unahifadhi seramu kwenye nyuzijoto 80 chini ya sifuri, na ukiiyeyusha mara moja kwa utaratibu unapima protini zake bila wasiwasi mkubwa. Jaribu kuihifadhi kwenye 80 juu ya sifuri uone.

Mipigo ya umeme iko upande mwingine kabisa. Kila mpigo hudumu kwa mikrosekunde tu, ingawa volti zake hufika elfu moja na zaidi. Uga huo unaulazimisha utando wa seli kubeba tofauti ya volti inayokaribia moja, mara kumi na zaidi ya ile uliyouzoea ikiwa seli imepumzika, na mafuta yake yanatobolewa vitundu. Vitundu vichache hujiziba. Vikizidi, potasiamu na nishati hutoka, kalsiamu huingia, na seli inaanza safari ya kufa ambayo huchukua muda wa dakika hadi siku. Msuli wa moyo unauawa kwa uga mdogo kuliko ule unaohitajika kwa neva au misuli laini, na hapo ndipo usalama aliousema DadaKatheta unapotoka. Joto linalozalishwa ni dogo, ingawa si sifuri, hasa karibu kabisa na elektrodi mipigo inaporudiwa mara nyingi.

Kwa hiyo mara baada ya mpigo protini nyingi ziko vilevile, ila mlango wa nyumba umebaki wazi.

---

Msomi_Kilindini amejibu:

Hapo "vilevile" iwekewe mipaka miwili. Kwanza, protini za mifereji ya sodiamu na potasiamu zimo ndani ya utando unaopigwa na uga huo, na zina sehemu zenye chaji. Majaribio ya miaka ya 1990 kwenye nyuzi za misuli ya chura yalionesha kwamba mshtuko mkali wa umeme hupunguza mkondo unaopita kwenye mifereji hiyo hata pale ambapo utando wenyewe umejiziba. Pili, kalsiamu ikishaingia huamsha kalpeini, kimeng'enya kinachokata protini nyingine: taitini, desmini, na hata troponini I yenyewe. Kwenye joto kali kalpeini nayo imepikwa, hivyo haikati kitu katikati ya kidonda. Kwenye umeme iko hai na ina muda. Protini za kidonda cha umeme hatimaye huharibiwa, ila kwa mkasi.

---

MpimaDamu ameandika:

Shikamoo, Babu, na asanteni nyote. Naona sasa kwamba troponini inapanda zaidi baada ya umeme kwa sababu joto limeipika na kingamwili za mashine yangu, ambazo ndizo zinazoinasa ili ipimwe, haziitambui tena. Je, nimeelewa? Na kama ndivyo, mbona kwenye karatasi ya jirani CK-MB (aina ya kimeng'enya kreatini kinesi iliyomo kwenye moyo) ilionekana ya chini mno, chini hata ya nilivyotarajia kwa troponini aliyokuwa nayo?

---

Msomi_Kilindini amejibu:

Umeelewa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo tamu zaidi.

Anza na CK-MB. Maabara nyingi hupima kreatini kinesi kwa kazi yake, yaani kimeng'enya kinatakiwa kifanye mmenyuko ndipo mashine isome. Kreatini kinesi ni dhaifu mbele ya joto. Ikifumuka hata kidogo haifanyi kazi, na kwa mashine ni kama haipo. Tangu miaka ya 1990 ilikwisha kuonekana kwamba baada ya ablesheni ya mawimbi ya redio kipimo hicho hukipunja kidonda, kwa sababu sehemu ya kimeng'enya imeuliwa humo humo ndani ya tishu. Karatasi ya jirani inakubaliana na hilo.

Troponini ni kiumbe kingine. Ni ngumu. Watafiti wa vyakula hutumia troponini I ya misuli ya mifupa kutambua kama chakula kilichokwisha kupikwa kina nyama, na kingamwili zao bado huitambua baada ya mapishi. Troponini ya moyo si ile ile kabisa, lakini ni ndugu yake, na mfano huo unanizuia kusema kwamba joto limeifuta. Maelezo ninayoyaona yana nguvu zaidi ni kwamba imefungiwa. Sehemu kubwa ya troponini ya seli imeshikamana na uzi mwembamba wa aktini. Sehemu ndogo tu, chini ya kumi kwa mia, inaelea kwenye majimaji. Joto linapoigandisha miosini na kila kilichoizunguka, troponini inanaswa ndani ya bonge. Na mishipa midogo ya damu katikati ya kidonda imegandishwa pia, hivyo hata ile iliyo huru haina mto wa kuichukua. Baada ya umeme utando una matundu, kalpeini inazikata nyuzi, mishipa ya damu kwa kiasi kikubwa iko wazi, na troponini inaoshwa hadi kwenye sindano yako.

Tafiti zaidi ya moja zilizolinganisha njia hizi kwa wagonjwa zimekuta troponini ya juu zaidi baada ya mipigo ya umeme. Jaribio la ADVENT la mwaka 2023, ambalo wagonjwa walipangwa kwa bahati nasibu kati ya umeme na njia za joto au baridi, halikuona kwamba umeme ni duni kwa matokeo wala kwa usalama. Kama troponini ingekuwa mizani ya haki kati ya njia na njia, picha hizo mbili zingegongana.

---

BabuProtini amejibu:

Msomi amenisahihisha mara ya pili leo na ninakubali, kwani mimi mwenyewe ningesema imepikwa. Ila nisiruhusu tuhamie upande wa pili kupita kiasi. Inawezekana kabisa kwamba kidonda cha umeme cha kaka yako ni kikubwa kweli, kwa sababu katheta hizo huua eneo pana kwa mara moja, wakati ncha ya mawimbi ya redio inashona nukta kwa nukta. Basi idadi uliyoisoma ina mambo mawili ndani yake, ukubwa wa eneo na urahisi wa protini kutoka, na hesabu moja haiwezi kuyatenganisha. Ndani ya njia moja, kwa kipimo kimoja na saa ile ile baada ya tiba, namba kubwa inaweza kuwa na maana ya eneo kubwa. Kutoka njia moja hadi nyingine, mimi nisingelinganisha.

---

MpimaDamu ameandika:

Nimemsomea kaka majibu haya kwa simu. Amenyamaza, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kulitaja: usiku ule wa kwanza mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, na chini ya karatasi ya maabara kuna maandishi madogo kwamba sampuli ilikuwa na hemolisisi, yaani seli nyekundu zimepasuka. Nilidhani ni kosa la uchukuaji wa damu. Je, vinahusiana?

---

DadaKatheta amejibu:

Yawezekana sana. Uga wa umeme hauchagui, na seli nyekundu za damu zinazopita kati ya elektrodi wakati wa mpigo nazo hutobolewa. Himoglobini hutoka na kuenea kwenye plazima. Haptoglobini, protini ya plazima, huikamata kadiri inavyoweza, na inayozidi hupitia kwenye figo. Mipigo ikiwa mingi, au katheta ikiwa haijagusana vizuri na ukuta hivyo damu ikapokea sehemu kubwa ya uga, himoglobini hiyo huwa nyingi zaidi. Kuna wagonjwa wachache ambao figo zao zilipata shida, ndiyo maana vituo vingi sasa huhesabu mipigo na kumpa mgonjwa maji ya kutosha kwa mshipa. Kwa kawaida rangi hiyo huondoka ndani ya siku moja au mbili. Kwa kaka yako, aliyetibiwa mwaka jana, ningemshauri amtajie daktari wake hilo na aombe kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) ipimwe mara moja kama haikupimwa tangu wakati ule.

Kwa upande wako wa maabara, usiibebeshe lawama sindano. Hemolisisi inayotokea ndani ya mshipa huonekana kwenye kila sampuli ya saa zile hata ukichukua damu kwa uangalifu wote, nayo hupandisha LDH, kimeng'enya kilichomo pia ndani ya seli nyekundu, na inaweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya troponini, vingine kwa kushusha na vingine kwa kupandisha kutegemea mtengenezaji. Angalia kwenye maelekezo ya kipimo kile ni kiwango gani cha himoglobini kinachoruhusiwa. Ikiwa sampuli ya kaka ilikipita, basi hata ile "zaidi ya mara mbili" iliyowakalisha barazani haina uhakika.

---

MpimaDamu ameandika:

Nimeitafuta karatasi ya maelekezo ya kipimo hicho na nimemwomba kaka anitumie picha nyingine, maana kwenye ile ya kwanza kidole chake kimeifunika fahirisi ya hemolisisi. Kuhusu kreatinini, ameahidi kwenda wiki hii. Jirani naye anataka kupimwa tena troponini ili, kwa maneno yake, "walingane". Nimemwambia kwamba miaka imepita na kwamba katika kovu hakuna tena troponini ya kumwagika.